Kati ya Kuganda na Kuvuja: Faida na Hatari za Dawa za Kuzuia Damu Kuganda kwa Mgonjwa wa Tengeru

Damu ya mwanadamu inatakiwa kutimiza mambo mawili yanayokinzana. Inapaswa kutiririka ndani ya mishipa bila kukoma, na wakati huohuo iwe tayari kuganda mara tu mshipa unapopasuka. Mwili wenye afya huilinda mizani hiyo kwa protini kadhaa, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwenye ini, baadhi zikiihimiza damu igande na nyingine zikiizuia. Mizani inapoelemea upande wa kuganda, bonge la damu hujijenga mahali pasipo na jeraha: katika mshipa wa ndani wa mguu, katika mapafu, katika chumba cha moyo au juu ya vali ya bandia. Dawa za kuzuia damu kuganda huirudisha mizani upande wa pili. Hadi sasa haijapatikana dawa ya kundi hili inayozuia bonge bila kuongeza, walau kidogo, uwezekano wa kuvuja damu.

Makala haya yanafafanua faida na hatari hizo kwa kumtazama mgonjwa anayeishi Tengeru, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, chini ya Mlima Meru. Hoja kuu ni kwamba faida na hatari za dawa hizi si orodha mbili zinazolinganishwa siku ya kuandikiwa dawa na kisha kuwekwa kando. Ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka wiki kwa wiki, kwa kutegemea chakula anachokula mgonjwa, dawa nyingine anazomeza, na umbali uliopo kati ya nyumba yake na maabara.

Wagonjwa wenyewe

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huanza maelezo ya maradhi ya kuganda damu kwa badiliko la kurithi la faktari ya tano, lijulikanalo kwa jina la mji wa Leiden. Badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Waafrika ni nadra mno. Mwanafunzi wa udaktari anayeikariri orodha hiyo jinsi ilivyo atakuwa anamtafuta mgonjwa asiyekuwepo. Upungufu wa kurithi wa protini C, protini S na antithrombini hupatikana duniani kote. Hata hivyo, katika mazingira ya Afrika Mashariki daktari hana budi kufikiria kwanza visababishi vinavyopatikana maishani: ujauzito na majuma sita yanayofuata kujifungua, VVU, kifua kikuu, saratani, kulazwa muda mrefu baada ya kuvunjika mfupa wa paja. Selimundu nayo, ingawa ni ya kurithi, huongeza mabonge. Upo pia ugonjwa ambao kingamwili za mtu hushambulia fosfolipidi za mwili wake mwenyewe. Huu humpata hasa mwanamke kijana, naye hupata mabonge ya damu na kuharibikiwa na mimba mara kwa mara kabla ya mtu yeyote kuyahusisha mambo hayo mawili.

Kundi jingine, lenye uzito wa pekee katika matumizi ya warfarini, ni la wagonjwa wa vali za moyo. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo utotoni, huacha makovu kwenye vali ya mitrali. Chumba cha juu cha kushoto cha moyo hutanuka, hupoteza mdundo wake wa kawaida na kuanza kupapatika, na damu inayotuama humo huganda. Kipande cha bonge hilo kikichomoka na kufika kwenye ubongo, mgonjwa hupata kiharusi. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikuta mpapatiko wa atria kwa chini ya 1% yao, kiwango kilicho chini sana kikilinganishwa na cha wazee wa Ulaya. Tofauti hiyo inabadili sura ya tiba nzima. Mtumiaji wa kawaida wa dawa hizi Ulaya ni mzee aliyestaafu. Mwenye vali iliyoharibiwa na baridi yabisi mara nyingi ni mtu wa makamo au kijana, zaidi wanawake, ambaye bado analima, anachuuza na anazaa.

Faida isiyopaswa kufichwa na hofu

Kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu hatari, ni muhimu faida itajwe kwa uzito wake. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio dogo kwa wagonjwa waliokuwa na bonge la damu mapafuni. Kati ya wagonjwa 19 ambao hawakupewa dawa, 5 walikufa kwa bonge hilo. Kati ya 16 waliopewa, hakufa hata mmoja kwa sababu hiyo. Jaribio lilisimamishwa, kwa maana haikuwa haki kuendelea kumnyima mtu tiba. Kwa wagonjwa wa mpapatiko wa atria usiotokana na ugonjwa wa vali, majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba warfarini hupunguza viharusi kwa takribani theluthi mbili. Mwenye vali ya bandia ya chuma hana hata nafasi ya kujadili: bila dawa, vali hiyo inaweza kuziba.

Kwa hiyo mgonjwa anayeacha dawa kwa kuogopa kuvuja damu hajaikimbia hatari. Amebadilisha hatari moja kwa nyingine, na mara nyingi amechagua iliyo kubwa zaidi. Tofauti iko kwenye muda. Aliyepata bonge la mguu baada ya kujifungua au baada ya upasuaji kwa kawaida hutumia dawa kwa miezi mitatu kisha huacha kwa idhini ya daktari, kwa sababu chanzo chake kimepita. Mwenye vali ya chuma, na aghalabu mwenye kingamwili za fosfolipidi, hutumia maisha yake yote. Wagonjwa hawa wawili wanaweza kukaa benchi moja, wakiwa na vidonge vya rangi moja mkononi, na ushauri wa mmoja ukawa maangamizi kwa mwingine.

Dawa iliyoanzia zizini

Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mkemia Karl Paul Link ng'ombe aliyekufa pamoja na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Kazi ya maabara hiyo ilizaa kwanza dikumaroli, kisha warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Tengeru, penye chuo cha mifugo cha siku nyingi, kisa hiki hakihitaji maelezo marefu: mfugaji yeyote anajua kwamba jani lilelile linaloshibisha linaweza pia kuua, kutegemea kiasi na hali yake.

Warfarini haiyeyushi bonge, wala haifanyi damu kuwa nyepesi kama maji, ingawa usemi wa "dawa ya kulainisha damu" umeenea. Kazi yake ni kuizuia vitamini K isitumike tena na tena kwenye ini. Bila vitamini hiyo, ini hutoa protini za kugandisha zisizokamilika: faktari ya pili, ya saba, ya tisa na ya kumi. Protini zilizokwisha kuwamo ndani ya damu huendelea kufanya kazi hadi ziishe zenyewe, na ndiyo maana kidonge cha leo huonyesha nguvu yake kamili baada ya siku kadhaa. Aidha, protini C, ambayo huzuia kuganda, hupungua mapema kuliko nyingi za zile zinazogandisha. Kwa hiyo katika siku za kwanza mgonjwa mwenye bonge jipya anayepewa warfarini peke yake anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi ya alivyokuwa. Ndiyo sababu huchomwa pia heparini kwa siku tano au zaidi, mpaka kipimo kithibitishe kwamba vidonge vimeshika.

Kipimo chenyewe hujulikana kwa kifupi kama INR. Hulinganisha muda ambao damu ya mgonjwa inachukua kuganda na muda wa damu ya kawaida, kwa namna inayofanya jibu la Arusha lisomeke vilevile Dar es Salaam au London. Mtu asiyetumia dawa huwa na takribani 1. Kwa bonge la mguu au la mapafu, na kwa mpapatiko wa atria, hutakiwa kati ya 2 na 3; kwa vali ya chuma iliyo upande wa mitrali, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo kinga hupungua. Juu ya hapo, hasa ikipita 4, uwezekano wa kuvuja damu hupanda kwa kasi. Njia ambayo mgonjwa anapaswa kupita ni nyembamba, na hakuna dalili ya mwilini inayomwambia kwamba ametoka nje yake mpaka amekwisha kuumia.

Mboga za majani

Tengeru hujulikana kwa mboga. Soko lake hulisha Arusha. Kituo cha TARI Tengeru hutafiti mazao ya bustani, na katika eneo hilohilo kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachohifadhi na kuboresha mbegu za mboga za asili za Kiafrika. Mnavu, mchicha, sukuma wiki, figiri, chainizi, spinachi na majani ya maboga ni kitoweo cha kila siku, si pambo la sahani. Mboga hizi, kadiri zilivyo za kijani iliyokolea, ndivyo zilivyo na vitamini K nyingi, yaani kitu kilekile ambacho warfarini inapambana nacho.

Kutokana na ukweli huo hutolewa ushauri unaosikika sana, na ambao ni mbaya: "usile mboga za majani." Kwa familia ambayo nyama haionekani kila siku, katazo hilo humwondolea mgonjwa sehemu kubwa ya madini na vitamini zake, na kwa mama anayenyonyesha ni kumwongezea upungufu juu ya upungufu. Isitoshe, halisaidii. Mtu mwenye akiba ndogo ya vitamini K huyumba zaidi, kwa kuwa bakuli moja la mnavu alilopewa msibani linatosha kuishusha INR yake, ilhali kwa aliyezoea kula mnavu bakuli hilo halileti badiliko kubwa. Kinachotakiwa ni kiasi kinachofanana kutoka juma hadi juma. Mgonjwa ale mboga zake kama alivyozoea, na kipimo cha dawa kirekebishwe kulingana na mboga hizo, badala ya mboga kurekebishwa kwa ajili ya dawa. Ndizi, iwe ya mtori au ya machalari, ina vitamini K kidogo mno. Loshoro vilevile haina ya kutia hofu. Parachichi linayo kiasi, na halina haja ya kukatazwa.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni misimu. Wakati wa masika mchicha huota hata pembezoni mwa shamba bila kupandwa, na kiangazi kinapokaza bei hupanda na sahani hubadilika. Mgonjwa aliyepangiwa dozi mwezi wa Aprili, akala mboga mara mbili kwa siku, anaweza kujikuta mwezi wa Septemba akimeza dozi ileile juu ya chakula chenye vitamini K kidogo. Kwa mantiki ya dawa yenyewe, INR yake itapanda. Mabadiliko ya ratiba ya kula wakati wa Kwaresma na Ramadhani yana athari ya namna hiyohiyo, nayo yana uzuri mmoja: tarehe zake hujulikana mapema, hivyo kipimo kinaweza kupangwa.

Dawa zinazogombana

Mboga huyumbisha taratibu. Dawa nyingine hupindua. Metronidazoli inayonunuliwa kwa ajili ya tumbo, kotrimoksazoli, na flukonazoli ya fangasi zote huipandisha INR, wakati mwingine ndani ya siku chache. Diklofenaki na aspirini hazihitaji hata kuipandisha: huidhoofisha kazi ya chembe sahani na huchubua utando wa tumbo, kisha warfarini huzuia kidonda kisifunge. Kwa kuwa diklofenaki ni dawa ya kwanza kufikiriwa mtu anapoumwa mgongo baada ya kulima, swali la "unatumia dawa gani nyingine?" lina thamani kubwa kuliko vipimo vingi vya gharama. Parasetamoli kwa kiasi cha kawaida ni salama zaidi. Sindano ya msuli nayo ni ya kuepukwa, kwa sababu inaweza kuacha damu ikijikusanya ndani ya nyama.

Kifua kikuu kinahitaji maelezo ya peke yake. Ugonjwa huo huongeza mabonge ya damu, na tiba yake hutegemea rifampisini, ambayo huliamsha ini livunje warfarini upesi kupita kiasi. Dozi iliyotosha jana huwa haitoshi. Huenda ikahitaji kuongezwa mara mbili au zaidi. Hatari kubwa, hata hivyo, huja mwishoni. Mgonjwa anapomaliza miezi sita ya tiba, akapongezwa na kuruhusiwa, ini lake hutulia katika majuma yanayofuata, na dozi kubwa aliyoizoea hugeuka kuwa sumu. Anavuja damu akiwa amekwisha kutolewa kwenye daftari la kliniki ya kifua kikuu. Hapa si dawa iliyokosea, bali mpaka kati ya kliniki mbili.

Sura ya madhara

Katika majaribio ya kitabibu, kuvuja damu kwa kiwango kikubwa humpata mgonjwa mmoja hadi watatu katika kila mia kwa mwaka. Majaribio hayo yalikuwa na wauguzi wa kufuatilia na vipimo vya mara kwa mara. Pasipo na hayo, idadi hiyo haiwezi kutegemewa. Kuvuja kunakotisha zaidi ni kwa ndani ya fuvu. Mtu anayetumia dawa hizi akianguka na bodaboda au akiteleza baada ya mbege na kugonga kichwa, anapaswa kupelekwa hospitali hata kama anaongea vizuri, kwa kuwa damu ya ubongoni huweza kuchukua saa nyingi kujionyesha. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, na maumivu makali ya kichwa yasiyozoeleka ni dalili za kutosubiri asubuhi.

Madhara yanayozungumzwa kidogo ni ya hedhi. Mwanamke anayetumia dawa hizi anaweza kutokwa na damu nyingi kila mwezi hadi akapungukiwa damu, na kwa aibu au kwa kudhani ni kawaida asimweleze mganga. Kisha huacha vidonge kimyakimya. Kwa upande wa mimba, warfarini hupenya kondo la nyuma na inaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya juma la sita na la kumi na mbili, heparini haipenyi. Mwenye vali ya chuma anayetamani mtoto yuko katika njia panda iliyo ngumu kuliko zote katika somo hili, kwa maana dawa iliyo salama kwa mtoto huilinda vali yake kwa udhaifu zaidi. Anahitaji mazungumzo kabla ya kushika mimba. Baada ya kujifungua, warfarini na heparini zote mbili zinaruhusu kunyonyesha.

Warfarini ina fadhila moja: kinyume chake kinapatikana. Vitamini K ya sindano, ileile wanayopewa watoto wachanga, huanza kurudisha mgando ndani ya saa kadhaa, na plazima ya damu hurudisha mapema zaidi pale inapokuwepo.

Vidonge vipya na mipaka yake

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliongeza dabigatrani, pamoja na apiksabani na rivaroksabani kama mbadala wake, katika orodha ya dawa muhimu. Vidonge hivi havihitaji INR wala havijali mnavu, na huvujisha damu ndani ya fuvu kwa takribani nusu ya warfarini. Kwa mkazi wa Tengeru mwenye bonge la mguu, ni rahisi kuona mvuto wake.

Lakini wagonjwa ambao kipimo cha mara kwa mara kinawasumbua zaidi ndio haohao ambao vidonge hivi haviwafai. Kwa vali za chuma, jaribio la dabigatrani lililochapishwa mwaka 2013 lilisimamishwa kwa sababu mabonge na kuvuja damu vyote viliongezeka. Kwa kingamwili za fosfolipidi, rivaroksabani ilileta mabonge mengi zaidi kuliko warfarini. Kisha mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya jaribio la INVICTUS, lililowahusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa baridi yabisi ya moyo wenye mpapatiko wa atria katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wengi walitarajia kidonge kipya kishinde au walau kilingane. Waliotumia dawa ya zamani walikufa wachache zaidi, bila kuvuja damu zaidi, ingawa INR zao hazikuwa ndani ya kiwango kwa muda wote. Baadhi ya wafafanuzi wamedokeza kwamba kliniki za kila mwezi zenyewe zilikuwa sehemu ya tiba: mgonjwa aliyekuja kupima damu alionwa pia na daktari wa moyo. Rifampisini, kwa upande wake, huvidhoofisha vidonge vipya pia, na tofauti na warfarini hakuna kipimo cha kawaida cha kuonyesha kwamba vimedhoofika.

Kwa hiyo mwenye vali hubaki na warfarini, na warfarini humfunga kwenye maabara. Aliyefanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hurudi nyumbani zaidi ya kilomita 600. Hospitali ya kanda ya KCMC, Moshi, ni safari ya zaidi ya kilomita 60. Hospitali kubwa za Arusha ziko karibu zaidi, lakini kwa mchuuzi hata hiyo ni nusu siku ya soko. Mashine ndogo za kupima INR kwa tone la damu ya kidoleni zipo duniani kwa miaka mingi, na kizuizi chake kikuu ni bei ya vibanzi vya kupimia. Kituo kimoja cha afya chenye mashine hiyo na muuguzi aliyefundishwa kurekebisha dozi kingeweza kuihudumia tarafa nzima. Hadi hapo kitakapokuwepo, kitu cha karibu zaidi na kliniki ni daftari la mgonjwa mwenyewe. Linapaswa kuandikwa ndani yake sababu ya dawa na aina ya vali, tarehe na INR ya kila kipimo, dozi iliyoamuliwa siku hiyo, tarehe ya kipimo kinachofuata, na kila dawa mpya aliyopewa popote, pamoja na siku aliyoimaliza.